TEKNOLOJIA: Jinsi ya kuunda seva ya barua-pepe ya majaribio isiyoruhusu barua kutoka

BARUA-PEPE ikishatoka mkononi mwa aliyeituma haina njia ya kurejeshwa. Ndiposa kila mtu anayetayarisha programu itakayowatumia barua wateja, wazazi wa wanafunzi au wagonjwa anahitaji mahali pa kufanyia majaribio ambapo hakuna barua inayoweza kuponyoka, hata akikosea vipi.

Mahali hapo ni seva ndogo ya barua-pepe iliyofungiwa ndani ya tarakilishi moja, au ndani ya mtandao mdogo uliotengwa na intaneti. Kazi ya kuiunda si ya mabingwa pekee. Yeyote anayeweza kuweka programu katika tarakilishi yenye mfumo wa Linux anaweza kuikamilisha kwa saa chache, tena bila kulipa chochote kwa kuwa programu zote zinazohitajika hutolewa bure.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mnamo Juni 17, 2021, wateja wa huduma ya filamu ya HBO Max ya Marekani walipokea barua-pepe ambayo hawakuielewa. Kichwa chake kilisema kuwa ilikuwa barua ya kwanza ya kujaribu muunganisho wa mifumo, na ndani mlikuwa na maelezo mafupi tu kwamba kiolezo hicho ni cha majaribio. Kampuni hiyo iliomba radhi hadharani na kueleza kwamba kosa lilitokana na mwanagenzi.

Barua ile haikubeba siri ya mtu, na mkasa ukaishia kuwa kichekesho. Hali ingekuwa tofauti kabisa kwa chama cha akiba na mikopo kinachoundiwa programu ya kutuma taarifa za kila mwezi. Mtayarishaji akinakili orodha halisi ya wanachama, kisha abonyeze kitufe cha kujaribu huku programu ikielekezwa kwenye seva ya kweli, maelfu ya watu watapokea usiku wa manane taarifa za mikopo wasiyoichukua. Asubuhi yake foleni ya wanachama wenye hasira itakuwa imefika barabarani.

Kinga ya balaa kama hilo haiwezi kuwa uangalifu wa mtu mmoja, kwani binadamu husahau. Kinga ni mazingira yenyewe kujengwa kwa namna ambayo kosa haliwezi kuvuka mipaka yake.

BARUA INAVYOSAFIRI

Ili kuifunga njia, ni sharti kwanza kuielewa. Mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson ndiye aliyetuma barua ya kwanza kati ya tarakilishi mbili katika mtandao wa ARPANET mnamo 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la tarakilishi. Kanuni zinazotumika hadi leo kusafirisha barua, zijulikanazo kama SMTP, ziliandikwa na Jonathan Postel na kuchapishwa Agosti 1982. Zilifanyiwa marekebisho mwaka 2001 na tena mwaka 2008, lakini kiini chake hakikubadilika.

Katika safari hiyo kuna wahusika wanne. Wa kwanza ni programu inayoandika barua. Wa pili ni seva inayoipokea na kuamua iende wapi. Wa tatu ni orodha ya majina ya intaneti, DNS, ambayo seva huiuliza ni tarakilishi gani inayopokea barua za kikoa fulani. Wa nne ni seva ya upande wa pili, ambayo huiweka barua kwenye sanduku la mwenyewe ili aisome.

Seva huzungumza kupitia milango yenye nambari. Mlango wa 25 ni wa seva kupeana barua zenyewe kwa zenyewe, ule wa 587 ni wa programu kukabidhi barua kwa seva yake, na wa 143 ni wa msomaji kufungua sanduku lake kwa kanuni za IMAP.

Jambo moja huwatatiza wengi. Barua-pepe, sawa na barua ya posta, ina bahasha na ina karatasi iliyo ndani. Anwani inayoonekana juu ya barua anapoifungua msomaji ni maandishi ya kwenye karatasi. Seva haifuati hayo, bali hufuata anwani ya bahasha, ambayo msomaji kwa kawaida haioni. Tofauti hii ndiyo inayowezesha seva ya majaribio kuigeuza safari ya barua bila kugusa hata herufi moja ya karatasi.

NJIA FUPI: MTEGO WA BARUA

Anayetaka tu kuona barua zinazotolewa na programu yake hahitaji seva kamili. Zipo programu ndogo zinazojifanya seva: hupokea kila barua inayokuja, husema imepokewa vyema, kisha huionyesha kwenye ukurasa wa wavuti badala ya kuipeleka popote.

MailCatcher, iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby, ni mojawapo ya zilizotangulia. MailHog ilifuata na kupendwa na wengi, ila haiendelezwi tena. Mailpit, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilichukua mahali pake na ni faili moja tu isiyohitaji kingine chochote ili ifanye kazi. Huanzishwa hivi:

mailpit --smtp 127.0.0.1:1025 --listen 127.0.0.1:8025

Amri hiyo inaeleza mambo mawili. Barua zipokewe kwenye mlango wa 1025, na ukurasa wa kuzisomea ufunguliwe kwenye mlango wa 8025. Anwani 127.0.0.1 humaanisha tarakilishi hii hii, kwa hivyo hakuna mtu mwingine kwenye mtandao wa ofisi atakayeweza kuzichungulia. Ikiachwa bila maelezo hayo, Mailpit husikiliza kwenye anwani zote za tarakilishi, jambo lisilofaa katika chumba chenye wageni.

Mlango wa 1025 ulichaguliwa kwa sababu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, milango iliyo chini ya 1024 huhitaji mamlaka ya msimamizi mkuu wa tarakilishi, na si busara kuipa programu ya majaribio mamlaka hayo.

Kilichosalia ni kuiambia programu inayojaribiwa kwamba seva yake ya barua ni 127.0.0.1, mlango 1025, bila jina wala nenosiri. Kisha kivinjari kifunguliwe kwenye anwani http://127.0.0.1:8025, na kila barua itaonekana humo pamoja na picha, viambatisho na vichwa vyake vyote.

NJIA KAMILI: POSTFIX NA DOVECOT

Mtego huo hautoshi pale programu inapotakiwa pia kusoma barua zinazoingia, au pale watu kadha wanapohitaji masanduku yao ya kujaribia. Hapo huhitajika seva ya kweli yenye tabia zote za seva ya kazini. Mchanganyiko unaotumika sana ni Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa kwa umma mwaka 1998, na Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Postfix hupokea na kupeleka barua, Dovecot humfungulia msomaji sanduku lake.

Kabla ya kuziweka, chagua jina la kikoa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kubuni jina lolote linalowajia. Jina kama test.com lina mwenyewe, na barua ikiponyoka itamfikia. Kikoa cha .dev, ambacho watayarishaji wengi walizoea kukitumia kwa majaribio, ni mali ya Google na kilifunguliwa kwa umma mwaka 2019. Nacho .local kimetengewa kazi nyingine ya tarakilishi kutafutana ndani ya mtandao mmoja.

Jibu limekuwapo tangu Juni 1999, wakati wasimamizi wa kanuni za intaneti walipotenga majina manne yasiyoweza kuuzwa kwa yeyote: .test, .example, .invalid na .localhost. Katika maelezo haya kikoa kitakuwa kazi.test, na seva itaitwa barua.kazi.test.

Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, programu huwekwa kwa amri hii:

apt install postfix dovecot-imapd

Wakati wa kuwekwa, Postfix huuliza inatumiwa kwa kazi gani. Chaguo linalofaa ni lile la barua za ndani ya tarakilishi pekee. Baada ya hapo, mtumiaji wa kupokea barua zote za majaribio aundwe:

adduser mjaribu

Kwa kuwa hakuna DNS itakayoulizwa, jina la seva huandikwa kwa mkono katika faili ya /etc/hosts:

127.0.0.1 barua.kazi.test

Kisha faili kuu ya Postfix, /etc/postfix/main.cf, ihakikishwe kuwa na mistari hii:

myhostname = barua.kazi.test
mydestination = kazi.test, barua.kazi.test, localhost
inet_interfaces = loopback-only
mynetworks = 127.0.0.0/8 [::1]/128
relayhost =
home_mailbox = Maildir/
virtual_alias_maps = regexp:/etc/postfix/mtego
default_transport = error:Barua haziruhusiwi kutoka hapa

Mstari wa kwanza huipa seva jina. Wa pili hutaja vikoa ambavyo seva inavihesabu kuwa vyake. Wa tatu huiamuru isikilize ndani ya tarakilishi hii pekee, na wa nne huorodhesha wanaoruhusiwa kuikabidhi barua. Wa tano umeachwa wazi kwa makusudi, kwani ndio hutaja seva nyingine ya kupelekewa barua za nje. Wa sita huelekeza barua zihifadhiwe kwenye saraka ya Maildir nyumbani kwa mtumiaji, kila barua ikiwa faili yake.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo moyo wa kazi yote. Mmoja ni mtego, mwingine ni komeo. Mtego huandikwa katika faili mpya, /etc/postfix/mtego, yenye mstari mmoja tu:

/^.+@.+$/ mjaribu@kazi.test

Maana yake ni kwamba anwani yoyote itakayoandikwa kwenye bahasha, iwe ya Nairobi au ya Tokyo, igeuzwe kuwa ya mjaribu. Karatasi ya ndani haiguswi, kwa hivyo barua itaonekana jinsi mpokeaji halisi angeiona. Aidha, Postfix huongeza kwenye barua hiyo kichwa kiitwacho X-Original-To, kinachotaja anwani ya awali ya bahasha. Mtayarishaji anaweza kuthibitisha kwamba taarifa ya mwanachama fulani ilikuwa ikienda kwake na si kwa jirani yake.

Komeo nalo hufanya kazi iwapo mtego utaondolewa au kuandikwa vibaya. Barua yoyote ya kikoa kisicho cha ndani hukataliwa papo hapo na ujumbe wa kosa, badala ya kutafutiwa njia ya kwenda.

Mabadiliko hukaguliwa na kuanza kutumika kwa amri mbili:

postfix check
systemctl restart postfix

Kwa upande wa Dovecot, linalohitajika ni kuielekeza kwenye saraka ile ile ya Maildir. Katika matoleo ya 2.3 na ya awali, mstari wenyewe ni huu:

mail_location = maildir:~/Maildir

Toleo la 2.4 lilibadilisha maneno hayo, na sasa huandikwa mistari miwili:

mail_driver = maildir
mail_path = ~/Maildir

Anayefuata maelezo ya zamani katika mfumo mpya asishangae Dovecot ikikataa kuanza. Ikishaanza, programu yoyote ya kusomea barua, kama vile Thunderbird, inaweza kuunganishwa na 127.0.0.1 kwa jina na nenosiri la mjaribu.

Iwapo tarakilishi kadha zitashiriki seva moja, mtandao wao utumie anwani za faragha zilizotengwa mwaka 1996, ambazo hazisafiri kwenye intaneti. Anwani hizo ni zinazoanza kwa 10, zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Mistari ya tatu na ya nne ya Postfix, pamoja na faili ya /etc/hosts ya kila tarakilishi, ndiyo itakayobadilishwa kulingana na anwani iliyochaguliwa.

KUIJARIBU KWA MKONO

Kanuni za SMTP ni maneno ya kawaida yanayoweza kuandikwa kwa kidole. Hakuna njia bora ya kuielewa seva kuliko kuzungumza nayo ana kwa ana. Amri ya telnet 127.0.0.1 25 hufungua mazungumzo, na seva hujitambulisha kwa nambari 220. Kisha mtu huandika mstari mmoja baada ya mwingine, akingoja jibu kila mara:

HELO tarakilishi.kazi.test
MAIL FROM:<mfumo@kazi.test>
RCPT TO:<mwanachama@chama.example>
DATA

Mistari mitatu ya mwanzo hujibiwa 250, ishara ya kukubaliwa. Ya pili na ya tatu ndiyo bahasha yenyewe. Neno DATA hujibiwa 354, yaani seva iko tayari kupokea karatasi:

From: Ofisi <ofisi@chama.example>
To: Mwanachama <mwanachama@chama.example>
Subject: Jaribio

Hii ni barua ya kujaribu seva.
.

Nukta iliyo peke yake kwenye mstari humaanisha barua imekwisha. Seva hujibu 250 tena, na neno QUIT hufunga mazungumzo. Barua itaonekana kama faili katika saraka ya /home/mjaribu/Maildir/new.

Tarakimu ya kwanza ya kila jibu inatosha kueleza hali. Mbili ni sawa, tatu ni endelea, nne ni shida ya muda hivyo ujaribu baadaye, na tano ni kataa lisilobadilika.

KUKOSA INTANETI SI KUFUNGWA

Wapo wanaodhani kwamba kuchomoa waya wa mtandao kunatosha. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa kuwa seva ya barua iliundwa kwa ajili ya dunia ambamo mitandao hukatika. Ikishindwa kuifikisha barua, haiitupi bali huiweka kwenye foleni na kujaribu tena.

Postfix kwa kawaida huihifadhi barua ya aina hiyo kwa siku tano, ikirudia kuituma baada ya muda usiopungua dakika tano na usiozidi dakika 67 hivi. Mtu anaweza kufanya majaribio Ijumaa bila intaneti, akafurahi kwamba hakuna kilichotoka, kisha Jumatatu aunganishe tarakilishi hiyo ili apakue programu nyingine. Barua zote za Ijumaa zitaondoka zikikimbizana, naye hajagusa kitu.

Kwa hivyo foleni ichunguzwe kila mara kwa amri ya postqueue -p. Jibu linalotakiwa ni kwamba foleni haina kitu. Ikiwa kuna chochote, mtego au komeo havikuandikwa sawasawa. Foleni hiyo husafishwa kwa amri ifuatayo kabla ya waya kurudishwa:

postsuper -d ALL

Komeo la pili liwekwe nje ya seva yenyewe, katika kizuizi cha mtandao cha tarakilishi. Katika Ubuntu, ambako programu ya ufw hutumika, milango ya barua za kutoka hufungwa hivi:

ufw deny out proto tcp to any port 25,465,587
ufw enable

Mazungumzo ya ndani ya tarakilishi hayaathiriki, ila hakuna programu yoyote humo itakayoweza kuzungumza na seva ya barua iliyo nje.

Hata hivyo, kuna mlango mmoja ambao makomeo hayo hayaufungi. Programu nyingi za siku hizi hazitumi barua kwa SMTP. Hukabidhi barua kwa kampuni ya kutuma barua kupitia wavuti, mlango wa 443, ule ule unaotumiwa kusoma tovuti. Kwa programu kama hizo, kinga ni kuhakikisha kwamba ufunguo wa siri wa huduma hiyo haupo kabisa katika mazingira ya majaribio. Ufunguo usiokuwapo hauwezi kutumiwa kwa bahati mbaya.

MAKOSA YA MAKUSUDI

Seva inayokubali kila kitu huficha udhaifu wa programu. Katika maisha halisi masanduku hujaa, watu hufuta anwani zao na seva hukataa barua. Programu iliyozoea kuambiwa ndiyo huanguka siku ya kwanza inapoambiwa la.

Postfix inaweza kufundishwa kukataa. Mstari huu uongezwe katika main.cf:

smtpd_recipient_restrictions = check_recipient_access regexp:/etc/postfix/makosa

Na faili ya /etc/postfix/makosa iandikwe:

/^amejaa@/ 452 Sanduku limejaa
/^hayupo@/ 550 Hakuna mtu wa jina hilo

Kuanzia hapo, barua ya amejaa@kazi.test itapata jibu la kujaribu baadaye, na ya hayupo@kazi.test itakataliwa moja kwa moja. Programu nzuri itairudia ile ya kwanza baada ya muda na kuacha kuisumbua ile ya pili. Programu mbaya itazirudia zote bila kikomo, tabia ambayo ikionekana kazini huifanya seva ya kampuni kuhesabiwa miongoni mwa zile za walaghai.

ISICHOWEZA KUONYESHA

Seva iliyofungiwa haiwezi kujibu swali moja muhimu, nalo ni iwapo barua itakubaliwa na seva za dunia au itatupwa kwenye taka. Hilo hutegemea sifa ya anwani inayotuma na uthibitisho wa aina tatu unaoandikwa katika DNS ya umma, ujulikanao kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na uthibitisho huo wote, Google ikiwahesabu katika kundi hilo wanaotuma takriban barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wake wa Gmail.

Majaribio ya aina hiyo hufanywa mwishoni, kwa kikoa halisi na kwa anwani chache za watayarishaji wenyewe. Kuyachanganya na majaribio ya kila siku ndiko huleta ajali.

SHERIA NA TAARIFA ZA WATU

Kwa Wakenya, suala hili si la ufundi pekee. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaweka wajibu kwa yeyote anayehifadhi taarifa za watu. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya mwenyewe kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu tukio lijulikane. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Sheria haibagui kati ya seva ya kazini na tarakilishi ya majaribio. Orodha ya wagonjwa iliyonakiliwa kwenye kipakatalishi cha mwanagenzi ni orodha ile ile ya wagonjwa, na kipakatalishi huibiwa kwenye matatu kwa urahisi kuliko seva kuibiwa ofisini.

Kwa sababu hiyo, mtego na makomeo havitoshi ikiwa masanduku yenyewe yamejaa majina ya watu halisi. Majaribio yatumie watu wa kubuni: mwanachama001@chama.example, mwanachama002@chama.example na kuendelea, wenye salio za kubuni. Iwapo nakala ya orodha halisi haiepukiki, anwani zote zibadilishwe kuwa za .invalid kabla ya nakala hiyo kuondoka kwenye seva ya kazini, wala si baada ya kufika kwa mtayarishaji.

Hatua hii ndiyo komeo la mwisho na lililo imara zaidi. Mtego ukikosea, kizuizi kikizimwa na foleni ikisahaulika, barua itakayoponyoka itakuwa imeandikiwa mtu asiyekuwapo, katika kikoa kisichoweza kuwapo. Haitafika popote.

Anayejenga mfumo wa kutuma barua za watu hana budi kuanza na ukuta huu kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa mmoja hupitisha barua elfu kwa dakika.